Bunduki za Kale katika Nchi ya Ankole: Zilikotoka na Zilikoishia

Yafaa katika kitabu hiki cha kumbukumbu ielezwe habari ambayo vijana wengi wa Mbarara na wa Nakivale hawaijui, nayo ni habari ya bunduki za kale. Katika baadhi ya nyumba za nchi hizi kulikuwako, na pengine kungaliko, masalio ya silaha za mababu: kasiba iliyoliwa na kutu, pembe ya baruti, mkanda wa ngozi wa kutilia viasi, kofia ya askari, au nishani ya vita iliyofungwa katika kitambaa. Wenye vitu hivyo ni wa namna tatu. Wako wanaovificha kwa kuiogopa Serikali. Wako wanaoviuza kwa wahunzi kwa thamani ya chuma tu. Na wako wanaovionyesha kwa majivuno, kana kwamba babu alikuwa mtu mkubwa kwa sababu ya bunduki yake. Wote hao wameacha jambo moja lililo bora, nalo ni kuuliza: silaha hii ilitoka wapi, ilipita njia gani, na ilimletea nini mtu aliyeishika?

Mwenye kuuliza hivyo ataona ajabu. Bunduki ilifika katika nchi hizi kwa njia ile ile iliyoileta Kurani Tukufu, tena ikichukuliwa na misafara ile ile. Vitu viwili hivyo vilisafiri pamoja, lakini mwisho wao haukuwa mmoja.

NJIA YA KARAGWE

Kabla ya reli na barabara, njia kubwa ya kuendea nchi za Maziwa ilianza pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo hata Tabora katika Unyamwezi, kisha ikapanda kaskazini hata Karagwe. Huko Karagwe Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao mahali palipoitwa Kafuro. Kutoka hapo misafara ilivuka mto Kagera ikaenda Buganda, na mingine ikaelekea Ankole, nchi ambayo wenyewe waliiita Nkore. Mtu akisimama leo juu ya vilima vya Isingiro, karibu na ziwa Nakivale, akaelekeza uso wake kusini, upande anaoutazama ndio huo wa Kagera na Karagwe.

Msafiri anayetajwa kuwa wa kwanza kufika na habari za Uislamu katika baraza la Buganda ni Ahmed bin Ibrahim, aliyefika mbele ya Kabaka Suna II katika mwaka wa 1844. Husimuliwa kwamba siku moja aliona watu wengi wakitolewa wauawe kwa amri ya Kabaka. Yeye, mgeni asiyekuwa na jeshi, akasimama akamwambia Kabaka kwamba watu wale ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye mwenyewe pamoja na ufalme wake ameumbwa na Mungu huyo huyo. Watu wa baraza waliona kwamba amekwisha kujitia katika mauti, walakini Suna hakumwua, bali alianza kumwuliza habari za Mungu huyo. Basi yafaa ikumbukwe daima kwamba neno la kwanza la Uislamu linalosimuliwa katika Uganda lilikuwa neno la kuzuia damu isimwagike. Ahmed bin Ibrahim aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Stanley alimkuta akikaa Kafuro katika mwaka wa 1876.

Katika Ankole wafanyabiashara wa pwani walifika zama za Mugabe Mutambuka, katikati ya karne ya 19. Walileta nguo, ushanga na nyaya za shaba, wakataka pembe za ndovu. Na haifai kuficha kwamba katika biashara hiyo walikuwamo pia wanadamu waliouzwa kama bidhaa. Katika mizigo hiyo ilikuwamo bunduki na vipipa vya baruti. Biashara hiyo ilizidi mwaka baada ya mwaka, hata katika mwaka wa 1888 balozi wa Kiingereza aliyekuwako Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zilizoingia Afrika ya Mashariki kila mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000.

AINA ZA BUNDUKI ZA ZAMANI

Watu wa siku hizi huita kila silaha ya kale gobore, wakadhani zote ni namna moja. Sivyo. Wazee wa pwani walizitenga kwa majina, na kila jina lilieleza jinsi moto ulivyoifikia baruti.

Ya kwanza ni bunduki ya mrau. Hiyo iliwashwa kwa utambi uliokuwa ukiwaka polepole, na mtambo uliushusha utambi hata ukagusa baruti. Oman waliipenda sana, wakaiita abu fatila, yaani yenye utambi, wakaipamba kwa pete za fedha, na hata leo huonekana katika sherehe zao na katika nyumba ya makumbusho ya majeshi iliyomo katika ngome ya Bait al-Falaj, Muscat.

Ya pili ni gumegume. Mtambo wake ulishika jiwe gumu, na jiwe lilipogonga chuma zilitoka cheche zilizowasha baruti. Ya tatu ni bunduki ya fataki, ambayo mtambo wake uligonga kikopo kidogo cha shaba chenye dawa iwakayo kwa kishindo. Zote hizi zilishindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha tambara au majani makavu, kisha risasi, na vyote vikasukumwa kwa mdeki, yaani ule ufito wa chuma uliokaa chini ya kasiba. Mtu hodari aliweza kupiga mara mbili au tatu tu katika dakika moja, na mvua ikinyesha baruti ililowa, bunduki ikawa rungu. Ndiyo sababu wapiga mishale na wenye mikuki wa Ankole hawakuiogopa mara moja bunduki ya namna hiyo.

Ya nne ni bunduki ya viasi, itiwayo risasi kwa nyuma. Katika hizo mashuhuri ni Snider, Martini-Henry na Remington. Hizi ndizo zilizogeuza mambo. Inafaa pia kujua kwa nini silaha zilizoachwa na Ulaya zilijaa Afrika. Kila dola ya Ulaya ilipobadili bunduki za jeshi lake, zile za zamani hazikutupwa, bali ziliuzwa kwa matajiri wa biashara, nao wakazileta pwani ya Afrika. Wengine walitengeneza bunduki za biashara makusudi, hasa katika mji wa Birmingham wa Uingereza na mji wa Liège wa Ubelgiji. Mwenye kuchunguza bunduki ya kale atazame ubavuni mwa mtambo na juu ya kasiba. Akiona taji na neno TOWER, ajue kwamba hiyo ni alama ya Kiingereza, ingawa alama hiyo iliigwa sana. Akiona herufi ELG ndani ya duara la yai, ajue kwamba kasiba hiyo ilijaribiwa Liège. Hivyo chuma kilicholala darini Ankole huweza kusema chenyewe kilikozaliwa.

BUNDUKI KATIKA MIKONO YA WAUMINI

Katika mwaka wa 1862 Speke alifika kwa Kabaka Mutesa I, akampa zawadi ya bunduki kadhaa, na mojawapo ilikuwa Whitworth, bunduki bora ya zama zile. Speke mwenyewe aliandika kwamba Mutesa alimpa mtumishi wake kijana bunduki iliyokwisha kujazwa, akamwamuru atoke nje ampige mtu. Kijana akaenda, akarudi amefurahi kwamba imefanya kazi vizuri. Wala hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani. Habari hii fupi yatosha kuonyesha jinsi silaha impavyo mtu nguvu kabla ya kumpa akili ya kuitumia.

Mutesa alisoma Uislamu, akafunga Ramadhani kwa miaka, akaamuru misikiti ijengwe. Walakini katika mwaka wa 1876 aliwaua vijana wengi wa baraza lake kwa sababu walishika dini kuliko alivyotaka yeye, na wengi wao walichomwa moto Namugongo. Waislamu hao hawakuwa na bunduki za kujitetea. Walikufa kwa imani yao, na jina lao limebaki safi hata leo.

Yaliyofuata hayakuwa hivyo. Kabaka Mwanga aliwakusanya vijana wa dini zote, akawapa bunduki, akawafanya vikosi vyake. Wenye bunduki walipoona nguvu zao, katika mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana wakamwondoa Mwanga mwenyewe. Mwezi uliofuata wakagombana wao kwa wao. Waislamu wakashinda, wakamtawaza Kalema. Wakristo wakakimbilia Ankole, na Mugabe Ntare V akawapa mahali pa kukaa huko Kabula. Mwaka uliofuata Wakristo wakarudi na bunduki zao. Alikuwako Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa kwanza mmisionari kisha akawa mfanyabiashara wa pembe na silaha. Yeye alimsaidia Mwanga kwa mashua na bunduki. Katika Oktoba 1889 Mwanga alirudishwa. Waislamu wakateka tena mji mkuu mwezi wa Novemba. Na mwanzo wa 1890 wakashindwa kabisa, wakaenda Bunyoro. Kalema alikufa kwa ndui mwaka huo huo. Stokes naye hakusalimika na biashara yake, kwani katika Januari 1895 afisa mmoja wa Dola ya Kongo alimnyonga, akimshtaki kwamba amewauzia silaha maadui wa dola hiyo.

Kwa muda wa miaka miwili basi, kila aliyepata bunduki nyingi alipata kiti, na kila aliyepata kiti alikipoteza kwa bunduki. Katika misukosuko hiyo Ankole ilikuwa nchi ya kupokea wakimbizi. Hili nalo lafaa likumbukwe, maana wengi hudhani kwamba habari ya wakimbizi katika nchi hii ilianza na Nakivale.

BUNDUKI YA MAXIM

Katika Julai 1889 Stanley alipita Ankole akitoka kumchukua Emin Pasha. Msafara wake ulikuwa na bombomu moja aliyopewa na mwenye kuibuni, Hiram Maxim. Silaha hiyo iliweza kutoa risasi mia tano na zaidi katika dakika moja, ilhali gumegume ilitoa mbili au tatu. Ntare hakuja mwenyewe, bali alimtuma Buchunku, kijana wa ukoo wa kifalme, wakachanjiana damu na Stanley kuwa alama ya urafiki. Na baada ya hapo Maxim ikapigwa mbele ya mgeni huyo ili aione. Katika siku hiyo moja vilikutana vitu viwili: ahadi ya udugu na mashine ya kuua.

Silaha hiyo ilipelekwa pwani, kisha ikarudi Uganda pamoja na Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza, ambaye alifika Kampala mwishoni mwa 1890. Katikati ya mwaka wa 1891 Lugard alipita Ankole akienda kuwatafuta askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha. Alifanya mkataba na wajumbe wa Ntare, na neno moja kubwa katika mkataba huo lilikuwa kwamba Ntare azuie bunduki na baruti zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka upande wa Wadachi, yaani kutoka Karagwe. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalikuwa yametia sahihi mkataba wa Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake walikataza silaha za namna ya sasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa sheria hiyo Mwafrika na Mwarabu walizuiwa kununua bunduki mpya, lakini yule aliyewazuia hakuweka zake chini.

Jambo hilo lilionekana wazi tarehe 24 Januari 1892. Wakristo waligawanyika, wa chama cha Kiingereza na wa chama cha Kifaransa, wakapigana Mengo. Lugard alikuwa amekwisha kuwapa bunduki wale wa chama cha Kiingereza, naye akapiga Maxim kutoka ngome yake juu ya kilima cha Kampala. Nayo ilikuwa ile ile iliyovuka Afrika pamoja na Stanley na kuonyeshwa Ankole. Wale wa chama cha Kifaransa wakatawanyika. Baadaye mwaka huo Waislamu walipewa saza tatu, Butambala, Gomba na Busujju. Lakini katika mwaka wa 1893 kulitokea vita tena, wakashindwa, wakabakiwa na Butambala peke yake. Waislamu wengi walitawanyika katika nchi za magharibi, wasiwe na mali wala cheo.

Hapo ndipo penye mazingatio. Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu wa Mutesa, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu baada ya Kalema, alikubali kuacha madai ya ufalme ili watu wake wapate kuishi. Alihamishiwa pwani mwaka wa 1893, akarudi mwaka wa 1895, na akaishi hata mwaka wa 1921 akiwaongoza Waislamu kwa subira. Wale walionyang'anywa bunduki na saza walibeba misahafu yao, mikeka yao na mizigo yao ya biashara, wakaingia vijijini. Walifundisha watoto alif na be chini ya miti. Pamoja nao walikuwako wale askari wa Kisudani na jamaa zao, wanaoitwa Wanubi, ambao walikuja na Remington za serikali ya Misri na Uislamu wao. Remington hizo hazitumiki tena kwa lolote, lakini misikiti na vyuo vilivyoanzishwa na watu hao vimerithiwa kizazi baada ya kizazi.

KODI YA BUNDUKI NA VITA VYA BAADAYE

Serikali ya Kiingereza ilipokwisha kushika nchi, iliihesabu bunduki kwa kitabu na kodi. Katika Mapatano ya Buganda ya mwaka wa 1900 iliandikwa kwamba mwenye bunduki atalipa rupia 3 kila mwaka, na Kabaka alipewa ruhusa ya bunduki 50 kwa watu wa nyumba yake. Mbarara ilifanywa kituo cha serikali mwishoni mwa 1898, na Mapatano ya Ankole yakatiwa sahihi mwaka wa 1901 katika enzi ya Mugabe Kahaya II. Walakini ofisa mkubwa wa Kiingereza aliyeuawa katika Ankole, Galt, aliuawa Ibanda mwaka wa 1905 kwa mkuki, wala si kwa bunduki. Sheria iliihesabu bunduki, lakini haikuhesabu hasira ya moyo.

Katika vita vya 1914 hata 1918 mto Kagera ukawa mpaka wa mapigano. Askari wengi wa Wadachi walianza vita hivyo wakiwa na bunduki za Mauser za mwaka wa 1871, ambazo moshi wake mzito ulimfichua mpigaji kila alipopiga. Vijana wa Uganda waliingia katika jeshi la King's African Rifles, na wengine wengi zaidi wakawa wapagazi. Katika vita vya 1939 hata 1945 walifika Burma. Kofia nyekundu, mikanda, filimbi, vibuyu vya maji na nishani zinazookotwa majumbani aghalabu ni za zama hizo mbili. Watoto huzichezea bila kujua kwamba nyuma ya nishani moja pengine kuna kaburi lililoachwa Asia.

Baada ya Uhuru wa 1962 bunduki hazikupungua, bali zilizidi. Mji wa Mbarara ulishambuliwa tarehe 17 Septemba 1972, ulipoingia msafara wa waliotaka kumwondoa Idi Amin wakitokea Tanzania. Mwishoni mwa Februari 1979 jeshi la Tanzania liliuteka mji huo, na majengo mengi yakabomolewa. Katika mwaka huo huo wa 1979 Waislamu wasiokuwa na hatia, wanawake na watoto wakiwamo, waliuawa katika sehemu za Bushenyi na jirani zao, kwa kudhaniwa kwamba kila Mwislamu alikuwa mtu wa Amin. Mwenyezi Mungu awarehemu. Anayejivunia bunduki ya babu yake na akumbuke siku hizo. Maana silaha haina dini, na mkono unaoishika leo sio utakaoishika kesho.

NAKIVALE

Makao ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyomo sasa katika wilaya ya Isingiro, yalianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, na yakatambuliwa rasmi mwaka wa 1960, walipokuja Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Baada yao walikuja wengine kutoka Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na penginepo. Kiswahili kikawa lugha ya kuunganisha watu hao sokoni, hospitalini na msikitini, kama kilivyokuwa lugha ya misafara iliyopita Karagwe zamani.

Katika mahali kama hapo, habari ya bunduki za kale haiwezi kusimuliwa kama inavyosimuliwa katika nyumba za matajiri wa Ulaya wanaozitundika ukutani kwa pambo. Mtu aliyetoka Kivu au Mogadishu hakuiona bunduki katika kioo cha makumbusho. Aliiona mlangoni kwake usiku. Kwake yeye hiyo si kitu cha kale. Kwa sababu hiyo mwenye kupenda kukusanya silaha za zamani hana budi kuwa na adabu mbele ya watu hao, asizitaje kwa furaha wala kuzionyesha kwa mzaha. Lakini pia haifai kunyamaza. Mtoto aliyezaliwa Nakivale huijua bunduki kwa hofu tu, na hofu isiyo na elimu huweza kugeuka tamaa. Wako vijana waliozaliwa ukimbizini katika Uganda ambao katika Oktoba 1990 walishika silaha wakarudi Rwanda vitani. Kila zama huwa na sababu zake, lakini ni wajibu wa wazee kuwaeleza vijana mwisho wa mambo kabla hawajaona mwanzo wake.

HUKUMU NA ADABU YA SILAHA

Dini ya Kiislamu haikuipuuza habari hii. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha, alikataza kupeana upanga ulio wazi nje ya ala yake, na aliwaamuru wenye mishale wapitao msikitini au sokoni wazishike ncha zake, wasije wakamjeruhi Mwislamu. Hizo zilikuwa panga na mishale, ambazo mwenye macho huona makali yake. Sembuse bunduki ya kale, ambayo mtu hawezi kujua kama ndani yake mna baruti ama hamna! Bunduki ya kushindiliwa yaweza kukaa miaka mingi imejazwa, na baruti nyeusi ikiwa kavu haisahau kazi yake. Basi mtoto asiachiwe kuchezea mtambo wake, wala mtu asiitie motoni kwa kusema ni chuma kitupu.

Hata hivyo, kuweka silaha za waliotangulia kwa ajili ya kumbukumbu si jambo geni kwa Waislamu. Katika jumba la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa panga zinazonasibishwa na Mtume na masahaba wake. Watu huzitazama kwa heshima na kusoma habari zake, wala hakuna anayezitoa kupigania. Hiyo ndiyo namna iliyo njema: silaha ikae mahali pa wazi, chini ya ulinzi, pamoja na historia yake.

KUHIFADHI KUMBUKUMBU

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka wa 1970 inamkataza mtu kuwa na bunduki bila ya hati ya Serikali. Kwa hiyo aliye na bunduki ya marehemu, hata ikiwa mbovu, asiifiche wala asiiuze kwa siri. Aende kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi akaeleze jinsi ilivyopatikana, asiibebe njiani mwenyewe, na aombe kwamba ikichukuliwa, wenye elimu ya mambo ya kale waitazame kabla ya kuharibiwa. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka wa 1908, liko Kampala. Na karibu na mji wa Mbarara, huko Biharwe, iko nyumba ya makumbusho ya Igongo, iitwayo Eriijukiro, yaani mahali pa kukumbukia, ambamo historia ya watu wa Ankole na jirani zao imekusanywa.

Vitu visivyo na hatari, kama pembe ya baruti iliyo tupu, beti ya ngozi, ala, kofia, filimbi au nishani, vyaweza kubaki katika ukoo na kutunzwa vizuri. Visisuguliwe kwa mchanga wala visipakwe rangi, maana anayefuta kutu kwa nguvu hufuta na alama, na alama ndiyo ushahidi. Vifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, chuma kipakwe mafuta kidogo, ngozi iwekwe mbali na jua na maji. Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, iandikwe karatasi: kitu hiki kilikuwa cha nani, alikipata wapi, katika mwaka gani, alipigana vita gani, na alirudi na nini. Kitu bila ya habari yake ni chuma. Kitu pamoja na habari yake ni shahidi.

Kazi hiyo haina budi kufanywa sasa, maadam wazee wangalipo. Katika Mbarara wako wajukuu wa askari wa Kinubi na wa King's African Rifles. Katika Nakivale wako wazee waliopita mipaka mitatu au minne kwa miguu. Vijana wa chama wenye kalamu wakiwaendea kwa adabu, wakaandika wanayosema, watakuwa wamekusanya hazina isiyoliwa na kutu wala kuhitaji ruhusa ya polisi.

Juu ya kilima cha Kampala, palipopigwa Maxim mwaka wa 1892, pamejengwa Msikiti wa Taifa wa Uganda, uliokamilika mwaka wa 2006. Kila siku mara tano mwadhini huita kutoka mahali pale pale palipotoka risasi. Waislamu hawakukipata kilima hicho kwa gumegume za Kalema, kwani hizo zilishindwa zamani. Kitabu kilichokuja katika mizigo ile ile ya Karagwe ndicho kilichobaki kikisomwa, baada ya baruti yote kwisha. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape amani waliokimbia makwao, na awajalie watoto wa Mbarara na Nakivale waione bunduki katika nyumba ya makumbusho tu. Amin.